Kifungo cha Upande wa Kushoto

4 Februari

Kwa mjukuu wangu Domo,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Cherehani namba mbili imekata mkanda, namba tatu inaruka nyuzi kama kawaida yake, na paka amezalia ndani ya kapu la bitana, kwa hiyo wiki nzima hakuna anayeruhusiwa kugusa bitana. Dada yako anashona vizuri siku hizi ila kola bado zinamshinda. Anakusalimu na anasema ile kofia uliyoondoka nayo si yako.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu imekufa sikio. Nikitaka kusikia lazima niweke spika, na duka hili lina mashine nne na masikio manane. Dereva wa lori la vitambaa atakuwa ananichukulia barua na kuniletea zako.

Mume wangu, nina neno moja. Nimepata kifungo. Ninacho tangu mwezi wa kumi na mbili. Nilidhani kitakwisha chenyewe, hakikwisha. Sijamwambia mtu, hata dada yako. Wewe uko huko kwenye hospitali kubwa, karibu na wakubwa. Uliza kwa ujanja, usitaje jina langu: mtu mwenye kifungo hufanywaje?

Kula vizuri. Acha kujibizana na waliokuzidi umri.

Mke wako wa kwanza,
Bibi


17 Februari

Kwako Bibi, mke wangu wa ujana,

Mimi ni mzima kama chuma kipya na sura ni ile ile inayowasumbua watoto wa watu. Salamu zangu zipokee haraka maana leo sina nafasi ya mapambo.

KIFUNGO? Bibi! Nani amekushitaki? Kwa kosa gani? Ni yule mama aliyesema umemfupishia gauni makusudi? Na kama una kifungo tangu mwezi wa kumi na mbili, hiyo barua umeiandikia wapi, na paka kazalia kapu la nani? Au ni kifungo cha nje?

Nimefanya kama ulivyosema, nimeuliza kwa ujanja. Mlinzi wetu wa getini zamani alikuwa askari jela. Nikamwambia kuna bibi mmoja, simtaji, kapata kifungo, hufanywaje? Akasema inategemea kosa. Nikamwambia huyu bibi hana kosa, labda lile la kumpiga mjukuu kwa rula ya mbao. Akasema hiyo peke yake miezi sita.

Usiogope. Mjukuu wako siku hizi si mtu wa kusukuma vitanda tu. Mimi ndiye mkono wa kulia wa chumba cha picha, pale wanapochungulia watu ndani bila kuwafungua. Daktari hawezi kuanza mpaka Domo awe ndani. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini humu ndani wenye vyeti wananiuliza mimi, "Domo, mgonjwa ameelewa?" Nitaongea na mtu mkubwa, utatoka.

Niambie tu ni gereza gani.

Mumeo,
Domo


2 Machi

Kwa Domo, mjinga wewe,

Wote tuko salama. Paka ameruhusu bitana. Dada yako amemaliza sare ishirini na mbili peke yake na sasa anatembea kama mkurugenzi.

Barua yako nimecheka mpaka nikajichoma kidole. Kifungo cha shati, mwanangu! Kifungo! Kidude kigumu cha mviringo chini ya ngozi, kwenye titi la kushoto, pale unapopita mshono wa blauzi. Nimeliandika hilo neno mara moja na sitaliandika tena. Nikikibonyeza hakiumi. Hilo ndilo linalonitisha. Kitu cha kawaida mwilini kikiguswa kinauma.

Nilikwenda zahanati, nikamwambia dada yako nakwenda kununua nyuzi. Muuguzi akakishika. Alikuwa ananisimulia habari za mtoto wake na akakatisha katikati, mpaka leo sijui mtoto alifanya nini. Akaniandikia karatasi nije huko kwenu nichomwe sindano ya kuchukua nyama kidogo huku wanaitazama kwenye picha. Karatasi ipo kwenye droo, chini ya zipu. Kila nikihitaji zipu naiona.

Siku hizi nikimpima mteja kifua, mkono wangu unakimbia. Juzi nimekosea inchi mbili nzima.

Sasa nieleze kama unavyomweleza fundi, usinipambie. Sindano hiyo ina unene gani? Inaingia kina gani? Mimi nimekonda, na kifungo hiki kiko juu juu, nakisikia chini ya ngozi kama kimewekwa jana. Kitambaa chembamba ukikipeleka kwenye mashine bila kuweka karatasi chini yake, meno yanakivuta, kinaingia kwenye tundu, kinaliwa. Nimeona hariri za watu zikiliwa hivyo. Hiyo mashine yenu haili ngozi?

Jibu hilo tu. Mengine nitayajua.

Bibi


14 Machi

Kwa Bibi mpendwa, mwenye neno moja kwa vitu viwili,

Si ungesema kishikizo! Mlinzi bado ananiuliza kila asubuhi kama bibi wa watu ametoka.

Mimi mzima. Nimenunua viatu ambavyo nikipita korido manesi wanageuka, ingawa mmoja aliniambia wanageuka kwa sababu vinalia.

Haya, sikiliza mtaalamu. Unalala chali kwenye kitanda, mkono juu ya kichwa kama malkia anayeota jua. Daktari wetu ni mama mfupi, hupanda kigoda ndipo afikie. Anapaka mafuta baridi, anaweka kile kidude cha altrasaundi, na hicho kifungo kinaonekana kwenye skrini cheusi katikati ya mawingu. Anachoma ganzi. Anapasua tundu dogo, dogo kuliko tundu la shati. Halafu inaingia sindano yenyewe. Unene wake kama mrija wa kalamu ya wino, ule wa ndani, sitakudanganya. Ubavuni ina kidirisha. Mashine inanyonya, nyama inaingia dirishani, kisu kidogo ndani kinakata, basi, kimetoka kipande kama punje ya mchele. Vipande vichache, plasta, kwenu.

Na hapo ndipo kazi ya mjukuu wako. Mimi nasimama kichwani kwa mgonjwa namliwaza. Anaingia anatetemeka, mimi namtupia neno moja tu, anasahau alichokuja kufanya. Sista wetu mkubwa hajacheka tangu aajiriwe lakini hata yeye mdomo huwa unamcheza.

Kuhusu ngozi: tangu nimeingia chumba kile hakuna hata mmoja aliyechanika. HATA MMOJA. Andika hilo kwenye daftari lako la vipimo.

Njoo na lori lijalo.

Domo, Mkono wa Kulia


3 Aprili

Kwa Domo,

Tuko salama. Mvua imeingia dukani kwa nyuma, tumehamisha majora yote mbele, tunatembea ubavu ubavu.

Nilikuwa nimeamua kuja. Begi nilishalifunga na dada yako nilimwambia nakuja kukutazama wewe. Jumanne akaingia mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa ile shule ya karibu na ghala. Kaleta blauzi tatu, anataka zipanuliwe upande wa kulia kwa sababu mshono unamkwaruza. Nikamwambia ingia nyuma ya pazia nikupime. Akavua.

Domo, nimeona. Ni mstari mwekundu umekunjamana, mrefu kama kidole changu hiki kidogo, umeshonwa nyuzi nne. Mwenyewe alipona, majibu yake yalikuwa mazuri, haumwi chochote. Ila mstari ule upo. Nikamuuliza ameufanya wapi. Akasema kwenye hospitali yenu, chumba cha picha, mwezi wa kwanza. Akasema ile sindano ilimvuta ngozi. Akasema palikuwa na kijana mmoja kichwani kwake, mchekeshaji sana.

Sikumwambia mimi ni nani kwa huyo kijana. Nilimpima, nikaandika, nikamrudishia blauzi moja badala ya kupokea tatu, akanikumbusha.

Nakuuliza swali moja. Siku ile ulikuwa kazini?

Kifungo kilikuwa cha shati. Sasa ni cha koti.

Bibi


22 Aprili

Kwa Bibi kipenzi,

Salamu kama mvua. Poleni na hiyo inayovuja dukani, mwambie dada apande darini achomeke lile turubai, asiogope, panya wa kule wananifahamu, aseme tu ametumwa na mimi.

Huku kazi nyingi mno. Lifti imekufa, kila kitu kinapandishwa kwa mikono, na wewe unajua nguvu za mikono hii. Jana nimepandisha mzigo ghorofa tatu bila kupumzika, watu wakapiga makofi. Viatu vimeacha kulia. Mlinzi anakusalimu, anakuita mfungwa. Kuna nesi mpya, lakini hilo tutaongea ukija.

Bibi njoo tu. Hiyo karatasi ya zahanati ina tarehe, ikipitwa sana wataanza upya. Njoo, mengine ni maneno ya watu.

Mumeo mtiifu,
Domo


6 Mei

Kwa Domo,

Wote wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu. Nimeona lifti, panya, viatu na nesi.

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Dada yangu mkubwa, yule ambaye picha yake naiweka nyuma ya kioo, aliondoka na kidonda mahali hapo hapo. Alikuwa na kifungo, akachanjwa na mtu kwa wembe, pakafunguka, na hapakufunga. Miezi saba. Mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia vitambaa. Nilikuwa nakata mashuka mapya maana ya zamani yalikwisha. Ile harufu mpaka leo nikifungua kabati lenye shuka jipya inanijia.

Siogopi sindano, mwanangu. Naogopa ngozi ikifunguka.

Begi nimelifungua. Siji.

Bibi


11 Juni

Bibi,

Nilikuwa kazini.

Nimeandika hii barua mara tano. Dereva wa lori amepita mara mbili ananiambia "Domo, leta," namwambia bado. Salamu nitaziweka mwishoni, zikibaki.

Yule mwalimu alilala pale akitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Daktari akamwambia usijitikise, akajitahidi, akatulia. Sindano ikaingia vizuri. Mashine ikawashwa, inanyonya. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wameshaanza?" Ningesema ndiyo. Neno moja. Mimi nikamwinamia nikamwambia, "Mwalimu, tulia, leo ni zamu yako kusahihishwa kwa kalamu nyekundu."

Alicheka, Bibi. Alicheka kwa kifua kizima. Kifua kikaruka, sindano ikarudi nyuma kidogo, kile kidirisha kikafika chini ya ngozi na mashine bado inavuta. Ngozi ikaingia. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama uzi unaokatwa kwa meno. Daktari akatoa mguu kwenye pedali lakini kisu kilikuwa kimeshapita. Mwalimu alikuwa bado anacheka. Hakusikia maumivu kwa sababu ya ganzi. Alijua alipoona uso wangu.

Siku ile ile nilitolewa chumbani. Tangu mwezi wa kwanza nasukuma mashuka machafu kwenda kufuliwa. Barua zote nimekuandikia nikiwa nimekaa juu ya fungu la mashuka. Hakuna anayeniuliza chochote. Hakuna mkono wa kulia.

Uliposema huji, nilichukua barua zako mbili, ya hariri na ya dada yako, nikaenda nikasimama mlangoni kwa daktari nusu saa. Nikajua atanifukuza hospitali nzima. Akasema, "Wewe tena?" Nikampa barua bila kusema kitu. Nadhani hilo ndilo lililomshtua, maana alinikaribisha ndani.

Ile ya hariri aliisoma akamwita Sista. "Njoo uone, huyu mama ameuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawaulizi." Kisha akanigeukia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nilimwomba ayarudie:

"Sikiliza kijana. Kichekesho chako kilisogeza sindano, na hapo ulikosea. Lakini dirisha lilikuwa karibu mno na ngozi hata kabla hujafungua mdomo. Nilitakiwa kuinua ngozi kwanza. Hilo ni langu."

Bibi, karatasi ya kuweka chini ya kitambaa ipo. Kwao ni maji. Kifungo kikiwa juu juu, wanachoma ganzi na maji ya chumvi katikati, kati ya ngozi na kifungo, ngozi inainuka inakaa mbali. Wanachukua sindano ya kidirisha kifupi, ile ndefu wanaiacha. Dirisha wanaligeuza liangalie chini, lisiangalie ngozi. Na sasa wana amri mpya: kabla ya kukanyaga pedali daktari anasema "Ngozi?" na Sista, ambaye kazi yake ni kuangalia skrini na ngozi yenyewe tu, anasoma milimita kwa sauti. Zikiwa chini ya tano, hakuna anayekanyaga kitu. Ngozi ikibonyea hata kidogo, Sista anasema "Acha" na wanaacha. Hata mkataba wa kukohoa upo, mgonjwa akitaka kukohoa anainua kidole, wanasubiri.

Ile ya pili aliisoma mara mbili. Akasema nikuambie hivi: kile kidonda cha dada yako, ule wembe ulikuwa vibaya, lakini ulichokifunga kwa mashuka miezi saba kilikuwa ugonjwa wenyewe, ulikuwa unatoka nje kwa sababu hakuna aliyeutoa mapema. Tundu la sindano hufunga ndani ya wiki moja. Ila kifungo kikiachwa kikaigusa ngozi, hapo ngozi itafunguka bila mtu kuichana. Akaniuliza ni kikubwa kiasi gani. Nikasema cha koti. Akaniuliza uliniandikia hivyo lini. Nikasema mwezi wa nne. Akafungua kalenda.

Bibi, wiki zote zile nilizokuandikia habari za panya zilikuwa wiki zako. Usije kwa ajili yangu, sitakuwepo chumbani, nimekatazwa. Njoo kwa ajili ya Sista asiyecheka.

Salamu zimebaki moja. Nisalimie wewe.

Mjukuu wako


24 Juni

Kwa mjukuu wangu,

Wazima. Turubai limechomekwa.

Nakuja na lori la tarehe tano. Dada yako nimemwambia. Alilia, akarudi akamaliza kola, imekaa vizuri kuliko zote.

Mimi sina cha kukusamehe, hukunichana mimi. Mwandikie mwalimu. Niletee barua hiyo nikija, nitampelekea mwenyewe pamoja na blauzi zake.

Nikifika usinichekeshe hata kwa bahati mbaya.

Bibi


16 Julai

Kwa Domo,

Nimefika salama. Dereva aliendesha kama amebeba mayai, sijui ulimwambia nini. Duka liko kama nilivyoliacha isipokuwa dada yako amehamisha meza yangu ya kukatia bila ruhusa, na kusema kweli pale ilipo sasa pana mwanga.

Barua yako nilimpa mwalimu mkononi. Aliisoma amesimama. Kisha akaomba kalamu, akakaa, akasahihisha makosa kumi na moja na akakupa alama. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Chini kaandika mwenyewe, soma ukiwa peke yako.

Ya chumbani sikukusimulia pale kwenye benchi kwa sababu ulikuwa unatetemeka kuliko mimi, nikaona nikianza kusimulia watatulaza wawili. Sasa sikia.

Nilipolala nilikuwa nimeamua kuinuka. Nilishaweka mguu mmoja chini. Daktari akashuka kwenye kigoda chake akaja upande wa uso wangu, akasema, "Mama fundi, karatasi yangu nitaiweka sasa, utaisikia inakaza." Nikarudisha mguu. Akachoma. Ilikaza kweli, kama ngozi inavishwa kitu kwa ndani. Kwenye skrini niliona mwenyewe: ngozi juu, katikati pameingia weusi wa maji, kifungo kikashuka chini. Nikasema moyoni huyu amewahi kushona.

Sindano ikaingia. Haiumi, inasukuma. Ni kama mtu anakubonyeza kupitia godoro.

Daktari akasema, "Ngozi?"

Sista akasema, "Nne."

Domo, nimesikia mambo mengi katika maisha yangu lakini hiyo nne sitaisahau. Hakuna aliyesogea. Mguu wa daktari ulikuwa juu ya pedali, niliuona, ukashuka pembeni. Nikaanza kusikia ile harufu ya shuka jipya, na shuka nililolalia lilikuwa la zamani. Nikataka kukohoa, nikainua kidole. Wakasubiri. Nikakohoa. Wakaongeza maji, wakaigeuza ile sindano kidogo tu, kama unavyogeuza kitambaa usawa wa uzi.

"Ngozi?"

"Saba."

"Mama fundi, uko tayari?" Nikasema kanyaga.

Walichukua vipande vinne. Kila kimoja aliuliza, kila kimoja akajibiwa. Saba, saba, sita, saba. Halafu Sista alinikandamiza kwa kiganja dakika kumi na tano, mimi na yeye tukitazamana, hana maneno yule. Mwishoni akaniambia, "Mjukuu wako aliniuliza jana mara tisa kama miwani yangu bado inaona vizuri." Hakucheka.

Nimepata wekundu na ubluu kidogo, plasta ndogo. Leo nimeifungua mbele ya kioo. Ni nukta. Nimeitafuta kwa miwani ya kushonea.

Majibu nimewaandikia wakupe wewe. Barua ya hospitali ikija hapa dukani itafunguliwa na mtu mwingine, na simu unaijua. Ukiyapata yalete jinsi yalivyo. Usinishonee mapambo.

Bibi


2 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Dada mzima, nimemwona mlangoni. Mimi mzima.

Daktari alinifuata mwenyewe chumba cha kufulia. Akanipeleka ofisini, akanipa kiti. Sijawahi kupewa kiti na daktari, nikajua hapo hapo.

Ni saratani. Nimeliandika neno zima.

Ni ndogo. Kwapani kwenye picha hakujaonekana kitu, ila watapahakikisha siku ya upasuaji. Inatolewa, halafu kuna dawa, hiyo ya dawa ni ndefu na sitasema ni rahisi kwa sababu hakusema ni rahisi. Nilimwuliza kama ingetolewa mwezi wa nne ingekuwaje. Akasema ingekuwa ndogo zaidi. Sikumwuliza tena.

Nilimwuliza habari ya ngozi. Amesema kwa kuwa imefunga safi na hakuna kidonda, hawana cha kungojea kipone. Wanakupokea Jumatano hii. Lori linarudi Jumanne asubuhi, dereva ameshaondoa majora mbele ili ulale.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nimefanya mazoezi njia nzima, dereva ni shahidi, nilianza mara nyingi mpaka akaniambia nimnyamazie. Umekataa, umesema dukani mna masikio manane, niandike. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe na bado nimekuletea barua.

Ukiisoma mimi nitakuwa nimekaa nje kwenye ngazi ya duka. Sitaingia. Nimemwambia dada aziwashe mashine zote nne, hata ile inayoruka nyuzi, kwa hiyo ukitaka kulia lia kwa nguvu, wateja hawatasikia.

Ukimaliza, niite.